Kwa Nini Twawapa Watoto Maganda?

Ndugu walimu wenzangu, nisikilizeni, hata kama maneno yangu yatawachoma. Katika shule zetu za Kibaha na Kisarawe tunayo desturi ya kuandika ubaoni maneno ya Kiingereza, “confidence”, “fidelity”, “perfidy”, “affidavit”, kisha twasema, “Yakaririni!” Watoto huyaimba kama kasuku, na mtihani ukipita yamewatoka.

Kosa si lao. Maneno hayo yote ni ndugu. Mzizi wake ni “fides”, neno la Kilatini, yaani imani na uaminifu. Na mtoto wa Kizaramo anao ukoo wa namna hiyo kinywani mwake: amini, imani, amana, mwaminifu, hata amani, yote ya mzizi mmoja wa Kiarabu. Yeye ajua kwamba jirani akisafiri na kumwachia mama yake ufunguo, ule ni amana, na mwenye kuila amana ni mhaini. Basi hapo amekwisha kuifahamu “fidelity” na “perfidy” pia. Limebaki kumwonyesha tu. Wako wanaonijibu kwamba Kiswahili kitawaharibia watoto Kiingereza. Kiingereza kipi, hiki cha kasuku?

Sisemi kila neno lina mwenzake. “Infidel” ni mtoto wa “fides”, bali kafiri si wa ukoo wa amini. Hapo ndipo mwalimu astahilipo mshahara wake.

Mwaona nabishania mambo madogo? Mwaka juzi nalimkuta hapa Kibaha mzee wa Kisarawe, mwenye shamba la mikorosho, ametia dole gumba katika karatasi ya Kiingereza iliyoandikwa juu yake “affidavit”. Aliambiwa ni fomu tu. Kumbe neno lile, kwa Kilatini cha mahakama za kale, maana yake “ameapa”, ameweka imani yake rehani. Mzee ameapa, wala hajui kama ameapa! Sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na karatasi ile inalo jina lake zuri, hati ya kiapo. Lakini mzee hakupewa ya Kiswahili, wala hakujua kuidai.

Kando yake alisimama mjukuu wake wa kidato cha tatu. Nikamwuliza, “Neno hili ni nini?” Akanitajia herufi zake zote 9, pasipo kukosa hata moja. Nikamwuliza maana yake, akainama.

Kijana yule nalimfundisha mimi.