Acheni Kununua Rili Kwanza

Kila nikimwonyesha mwenzangu ufito wangu wa swichi, ule wa futi 11 unaorushwa kwa mkono mmoja au miwili, swali ni lilelile: "Rili gani hiyo?" Hakuna anayeuliza mshipi. Nina hasira kwa sababu nami nilikuwa hivyohivyo. Mwaka jana mama aliuza parachichi, akanitumia fedha za kukamilishia utafiti wangu, nami nikazimalizia kwenye rili yenye breki ya kumzuia samaki wa baharini. Mshipi nikachukua wa bei chee, namba 6, kwa kuwa ufito umeandikwa 6.

Hapo ndipo wauzaji wanapotuweza. Nzi bandia hana uzito. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe. Mshipi namba 6 wa ufito wa mkono mmoja una gramu kama 10 katika mita 9 za mwanzo. Ufito wa swichi, hata ukiandikwa 6, kwa kawaida unataka zaidi ya mara mbili ya hapo, la sivyo haupindi. Namba ni ileile, mizani ni miwili, na dukani hakuna aliyenieleza.

Nilikwenda nao Mto Kiwira. Kingo ni matete, migomba na miti iliyoinamia maji. Nyuma yako hakuna pa kupeleka mshipi. Kazi ya ufito huu ndiyo hiyo: mshipi unauacha uguse maji, unaukunja ubavuni, kisha unausukuma mbele. Kichwa kifupi na kizito kinakubali. Wangu ulianguka miguuni kama tambi.

Mjomba alikuwa juu ya jiwe na mwanzi wake, hana rili kabisa.

"Mpwa wangu, hilo gurudumu linavua nini?"

Nilinyamaza.

Sisemi rili haina kazi. Kichwa kizito ni kinene, hakienei kwenye rili ndogo pamoja na uzi wa akiba. Na rili ikiwa nyepesi mno, ufito mrefu huelemea mbele, mkono ukachoka mapema. Chukua ya ukubwa wa 7 au 8, hata iliyotumika. Ila baada ya mshipi.

Na msiniambie huu ni mchezo wa Wazungu. Sisi wenyewe tunaufanya wa matajiri tunaponunua ili tuulizwe.

Mama bado anaamini fedha zile zilichapisha tasnifu. Rili naiuza. Nikipata mteja nitanunua kichwa cha mshipi, kinachobaki nikatie tiketi ya Tukuyu, nikamwambie.