Namba ya uthibitisho bado imefungwa kwenye laini ya simu

Mfanyabiashara wa Arusha akishavuka Namanga, mara nyingi huchomoa laini ya nyumbani na kuweka ya Kenya ili apunguze gharama. Akitaka kulipia mzigo kwa akaunti yake ya benki, namba ya uthibitisho hutumwa kwenye ile laini iliyomo pochini. Mwenye simu ya laini mbili ana nafuu, ila bado hutegemea mtandao wa upande wa pili umfikishie ujumbe kabla muda wa namba haujaisha.

Zamani benki ziliwapa wateja wakubwa tokeni (si ile ya umeme), kidude kinachoonyesha tarakimu zinazobadilika kila dakika. Hakihitaji laini wala mtandao, lakini ni cha kununua, kusambaza na kutupa betri ikiisha. Machi 2011 kampuni ya RSA ya Marekani, muuzaji mkubwa wa tokeni hizo, ilidukuliwa, na miezi michache baadaye ikajitolea kuwabadilishia wateja vifaa.

SMS ilishinda kwa sababu ni rahisi na kila mtu ana simu. Udhaifu wake uko kwenye laini yenyewe: tapeli akifanikiwa kuisajili upya laini ya mtu, namba zote za benki humfuata yeye.

Kwa mtu wa safari, mbadala wenye maana zaidi ni programu za simu kama Google Authenticator. Hutengeneza namba mpya kila sekunde 30 kwa kutumia saa ya simu na siri iliyowekwa siku ya kujiunga, hata pasipo mtandao. Ni za bure, na kanuni zake ziko wazi tangu 2011, hivyo benki hailazimiki kumtegemea muuzaji mmoja. Ufunguo wa kuchomeka kwenye kompyuta, kama YubiKey, ni imara zaidi kwa kuwa haufanyi kazi kwenye tovuti bandia. Lakini ni wa kununua na kulipia usafirishaji, na inafaa kuwa na miwili. Kwa muuza mitumba hiyo ni hela nyingi.

Programu nayo haizuii kila kitu. Anayemsomea tapeli namba kwa simu ataibiwa vilevile, na simu ikipotea bila namba za akiba zilizoandikwa pembeni, akaunti hufungika.

Tatizo ni kwamba chaguo hili liko mikononi mwa benki. Katika Falme za Kiarabu, wanakonunua bidhaa wengi wa Kariakoo na Eastleigh, benki zilianza mwaka 2025 kuachana na namba za SMS na kuwahamishia wateja kwenye programu zao. Mwenye akaunti Dubai na simu ya kitochi atahitaji simu nyingine.