Makanisa ya Kale si Mali ya Watalii

Imezuka tabia isiyopendeza miongoni mwetu sisi tuliobahatika kusoma. Tukitajiwa makanisa ya kale ya nchi hii, hujibu upesi kwamba hayo ni mabaki ya wakoloni. Au kwamba ni mambo ya dini, basi na yaachiwe mapadri na watalii. Majibu yote mawili ni potofu, na hapana budi yapingwe waziwazi.

Tuanze na hilo la wakoloni. Ni nani hasa aliyeyajenga makanisa hayo? Kanisa la Mkunazini, Unguja, lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, nalo limesimama pale pale penye soko. Msimamizi alikuwa Askofu Edward Steere, lakini jasho lilikuwa la Waafrika, wakiwamo watu waliokombolewa utumwani. Huko Bagamoyo, mnara uliosalia wa kanisa la mwaka 1872 hutajwa kwa jina la David Livingstone kwa kuwa maiti yake ililazwa hapo Februari 1874. Je, maiti hiyo ilikuja yenyewe? Waliibeba kina Chuma na Susi kwa miguu, miezi kadhaa, kutoka Chitambo katika Zambia ya leo. Tumemkumbuka aliyebebwa, tumewasahau waliombeba! Kosa hilo si la mnara. Ni letu sisi tunaofundisha.

Hatusemi kwamba misheni zilileta heri tupu. Zilikomboa watumwa, na pia zilidharau mila zetu na kumtangulia mkoloni njiani. Kanisa la kale ni shahidi wa mambo yote mawili. Na shahidi hanyamazishwi kwa sababu ushahidi wake unauma.

Ama kuhusu dini, ni kweli kwamba Serikali yetu haina dini. Lakini magofu ya msikiti wa Kaole yanatunzwa kwa fedha za umma, wala hakuna aulizaye dini ya mlinzi wake, kwa kuwa sote twajua kwamba ile ni historia ya Taifa. Vivyo hivyo vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko katika parokia kongwe. Kwa muumini ni kumbukumbu ya ibada. Kwa Taifa ni mahali ambapo jina la mkulima wa kawaida liliandikwa wakati ambapo hakuna ofisi nyingine iliyojali kuliandika. Mchwa akivila, hakuna nakala itakayotuokoa.

Sheria nayo ina pengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ililinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Wamisionari wa Bagamoyo walifika mwaka 1868! Kwa hiyo kanisa lao halikuingia katika ulinzi huo. Jengo la namna hiyo lapaswa kungojea tangazo maalumu la Waziri. Wakati huohuo, mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya mwaka 1940 ulilindwa na sheria hiyo hiyo. Tumelinda mlango, tukaiacha nyumba.

Basi kila mmoja atimize wajibu wake. Ofisa Utamaduni wa wilaya aorodheshe makanisa kongwe ya eneo lake na kupeleka mapendekezo yatangazwe, badala ya kungoja barua kutoka juu. Halmashauri za parokia zisibomoe ukuta wa mawe na chokaa kwa tamaa ya saruji na vigae kabla ya kumwita mtaalamu. Mwalimu wa historia awapeleke wanafunzi wake katika kanisa kongwe lililo karibu, nao waulize: nani alichonga benchi hili, nani alibeba jiwe hili?

Mtalii hulipa kiingilio, hupiga picha, akaenda zake. Sisi ndio tutakaobaki na magofu, na watoto wasiojua ni ya nani.