Shingo Ikikakamaa, Si Pepo



Mtazame mama anayetoka kisimani hapa Misunkumilo. Ana ndoo ya maji kichwani. Kichwa kikiinama mbele kidogo, misuli ya nyuma ya shingo huvutika. Mara moja mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye uti wa mgongo. Jibu hurudi kabla mama hajafikiri: "Misuli ya nyuma, kaza!" Wakati huo huo misuli ya mbele huambiwa: "Legea!" Kichwa hurudi sawa. Maji hayamwagiki, na mama anaendelea kuzungumza na mwenzake.

Ikumbuke amri ile ya pili, ya kulegea. Bila hiyo, misuli ya mbele na ya nyuma ingevuta pamoja. Ingekuwa kama jozi mbili za ng'ombe kwenye mnyororo mmoja, moja inavuta huku, nyingine kule.

Hayo ndiyo yanayotokea katika ugonjwa wa pepopunda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na samadi. Mimi ndiye ninayewahimiza kutia samadi shambani, na sitaacha. Lakini samadi ni ya shamba, si ya kidonda. Vijidudu hivyo vikiingia katika kidonda kirefu cha mwiba, msumari au jembe, hutengeneza sumu. Sumu hufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye uti wa mgongo. Huko huizuia amri ya "Legea." Inabaki "Kaza" peke yake.

Kwanza taya hubana. Kisha shingo hukakamaa na kichwa huvutwa nyuma, kwa sababu misuli ya nyuma ina nguvu zaidi. Mlango ukigongwa tu, mwili wote hukaza. Akili ya mgonjwa ni nzima. Anawasikia mnavyosema amerogwa.

Jina lenyewe lina pepo, na nilipokuwa mtoto liliniogopesha. Familia moja niliyoijua ilizunguka na mgonjwa kwa waganga siku tatu. Alipofikishwa hospitali alikuwa anapumua kwa shida. Alifariki. Kidonda chake cha jembe kilikuwa kimekwisha kufunga, hivyo hakuna aliyekikumbuka. Pepopunda huweza kuanza siku 3 hadi 21 baada ya kuumia.

Ukiumia, osha kidonda kwa sabuni na maji safi mengi. Usipake samadi, majivu wala udongo. Nenda zahanati siku hiyo hiyo, eleza ulivyoumia, uulizie sindano ya pepopunda.

Watoto huchanjwa wakiwa na majuma 6, 10 na 14. Akina mama wajawazito huchanjwa kliniki. Mwaka 2012 ilithibitishwa kwamba Tanzania imefaulu kuudhibiti ugonjwa huu kwa akina mama na watoto wachanga. Sisi wanaume wa jembe hatuna kliniki ya kutuita, na wengi hatukumbuki kama tuliwahi kuchanjwa. Hata aliyeugua akapona huweza kuugua tena. Naye achanjwe.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kukausha mahindi kabla ya kuyatia ghalani.