UCHAMBUZI: Kikwazo cha anayesomea siasa ni tasnifu, si kuingia chuoni

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, runinga zetu hujaa watu wanaotambulishwa kama wachanganuzi wa siasa. Baadhi yao wameisomea taaluma hiyo hadi kilele. Wengine cheo hicho wamekipata kwa ulimi mwepesi. Huenda ndiyo sababu vijana wengi hudhani shahada ya uzamili katika sayansi ya siasa ni jambo dogo, la kukamilishwa jioni baada ya kazi ili mtu apandishwe cheo.

Masharti ya kuingia hayatishi. Kwa kawaida vyuo vikuu vyetu vya umma hudai shahada ya kwanza ya daraja la kwanza au daraja la pili la juu. Aliye na daraja la pili la chini huweza kukubaliwa iwapo ana tajriba ya kazi au utafiti katika uwanja huo. Mafunzo yamepangiwa takriban miaka miwili. Mwaka wa kwanza ni wa madarasa: nadharia za siasa, siasa linganishi, usimamizi wa umma na mbinu za utafiti. Wa pili ni wa tasnifu, na hapo ndipo wengi hukwama.

Pendekezo la utafiti sharti litetewe mbele ya jopo la wahadhiri. Kisha, chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013, mtafiti huhitaji leseni ya NACOSTI kabla ya kwenda nyanjani. Mwenzake wa kemia atajifungia maabarani na chupa zake. Wa siasa hana budi kubisha hodi kwa chifu, kwa karani wa bunge la kaunti na kwa mwanasiasa asiyependa maswali. Akirudi na daftari lake, msimamizi naye ana wanafunzi chungu nzima wanaosubiri sura zao zisomwe. Miezi hugeuka miaka, na karo haisubiri. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopandisha karo ya masomo ya juu mwaka 2021, wanafunzi waliandamana.

Isitoshe, wengi hujiandikisha bila kujiuliza shahada hiyo itawafikisha wapi. Anayetaka kazi katika mojawapo ya kaunti 47 zilizoanza kazi mwaka 2013 atafaidika zaidi na usimamizi wa umma, ambako atasomea bajeti na sera. Mwenye ndoto ya ubalozi ataelekea kwenye diplomasia na uhusiano wa kimataifa. Lakini anayenuia kuwa mhadhiri achague sayansi ya siasa yenyewe, na ajihadhari na njia ya mkato ya kuandika mradi mfupi badala ya tasnifu, kwani huenda ikamgharimu atakapoomba nafasi ya uzamifu.

Uhadhiri wenyewe umewekewa vizingiti. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa kanuni zilizowataka wahadhiri wawe na shahada ya uzamifu, na wanafunzi wa shahada hiyo wachapishe makala mawili katika majarida ya kitaaluma. Wahadhiri walipewa miaka mitano, wengi hawakutimiza. Mwezi Juni 2019, chuo cha JKUAT kilipotunuku shahada 118 za uzamifu kwa mpigo, tume hiyo ilianzisha uchunguzi. Haikushangaza. Kila tasnifu huhitaji mtu wa kuisoma, na wasomaji hao ni wachache.

Wapo wanaotazama ng'ambo, kama alivyofanya Ali Mazrui, mzawa wa Mombasa. Alipata shahada ya kwanza Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia mwaka 1961 na ya uzamifu Oxford mwaka 1966. Makerere, aliyoanza kuifundisha mwaka 1963, hakuwa amepata kuingia kama mwanafunzi, kwa kuwa alama zake za shule ya upili zilikuwa za daraja la tatu.

Njia hizo mbili, ya Uingereza na ya Marekani, bado zinatofautiana. Uingereza kwa kawaida hudai shahada ya uzamili kwanza, kisha uzamifu wa miaka mitatu au minne ambao karibu wote ni utafiti. Marekani humruhusu mwenye shahada ya kwanza kuingia moja kwa moja katika uzamifu wa miaka mitano hadi saba. Aghalabu husamehewa karo na kulipwa posho, naye husaidia kufundisha. Mtihani wa GRE uliokuwa ukiogopwa, baadhi ya idara zimeacha kuudai.

Hata hivyo, mwaka 2025 vyuo kadhaa vya Marekani vilipunguza nafasi za uzamifu baada ya serikali kuu kukata fedha za utafiti, na visa za wanafunzi zikawa ngumu zaidi kupatikana. Maombi mengi huko hufungwa Desemba au mapema Januari kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba. Barua za wahadhiri watatu zinazodaiwa nazo ziombwe mapema, kabla wahadhiri hao hawajazama katika kusahihisha mitihani.