Kifaru cha kopo na rangi ya geti

JUMAMOSI asubuhi, uwani Mbagala, baba na mwanawe wa miaka tisa wamemaliza kuunda kifaru. Mwili umekunjwa kwa bati la kopo la maziwa, mzinga ni kalamu iliyokwisha wino, minyororo imekatwa kwenye kandambili kuukuu. Babu, aliyeviona vifaru vya JWTZ wakati wa vita vya Kagera, anakubali kimefanana, ila kinang’aa mno. Kifaru kilichotoka vitani haking’ai.

Kukichakaza ndiyo kazi tamu kuliko zote, na ndiyo inayohitaji mzazi awe macho.

Baba ana kopo la rangi ya mafuta lililobaki miaka mingi iliyopita geti lilipopakwa. Anataka kuipaka, kisha aikwangue kwa msasa mkavu. Rangi za namna hiyo, hasa za njano na nyekundu, huweza kuwa na madini ya risasi. Vumbi lake hutua kwenye vidole, kwenye mkeka, hata kwenye kikombe cha uji. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutoka chanzo kilekile. Inadhuru ubongo unaokua. Mama asisubiri kuona dalili, kwa kuwa mara nyingi hazionekani mapema. Kipimo cha damu ndicho husema.

Kiswahili nacho kinachanganya hapa: ya bunduki risasi, ya rangi risasi, ya penseli risasi. Hiyo ya penseli haina hatia, ni grafaiti tu. Tena ikisuguliwa kwenye kingo za kifaru huacha mng’ao wa chuma kilicholika, na mtoto anaweza kuifanya mwenyewe.

Rangi ya maji ya kijani inatosha kwa mwili. Ikikauka, nyeusi kidogo izimuliwe hadi iwe nyepesi kama chai ya rangi, ipitishwe kwenye mikunjo, kisha juu pafutwe kwa kitambaa. Brashi iliyokaribia kukauka, ikipapaswa kingoni, huonyesha mikwaruzo. Tope jekundu la Kagera? Vumbi la tofali la kuchoma lililoloweshwa, pamoja na gundi nyeupe ya mbao, lipakwe chini kwenye minyororo. Hapo babu hatakuwa na neno.

Kama lazima kusugua, utumike msasa wa maji, vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, na mikono inawe kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Limebaki la brashi. Wengi huziosha kwa thina au mafuta ya taa, na mara nyingi huwekwa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mdogo wake kijana, wa miaka miwili, hajui tofauti. Akinywa, asitapishwe wala asipewe maziwa kama wengi tulivyozoea: mafuta yakirudi juu huingia kwenye mapafu na kuyaumiza. Awahishwe hospitali, na chupa yenyewe ibebwe mganga aione.