Mto Hauulizi Una Wafuasi Wangapi

Wasee, tuongee ukweli kuhusu hii stori ya kushuka mto kwa kayaki siku tano, siku kumi, unalala kando ya maji. Inboksi yangu imejaa swali moja: "Lini unashuka Tana?" Wengine wananiita mwoga. Wengine wanasema hiyo ni michezo ya watu wenye pesa ya kuchoma. Kwa maoni yangu, wote wamekosea.

Tuanze na hatari, maana wengi wanaogopa kitu kisicho. Uliza mtu yeyote nini kitamuua mtoni, atakwambia maporomoko. Lakini maporomoko unayasikia kabla hujayafikia. Unatoka majini, unapanda kwenye mwamba, unaangalia. Ukiona hayapitiki, unabeba kayaki begani na kupita kando, na hakuna aibu yoyote. Kinachonitisha mimi ni yale maji yametulia, siku ya nne, mikono imechoka, jua limekukausha, na akili yako inakwambia sehemu ngumu imeisha. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kiboko na mamba hawakai kwenye maji yanayofoka. Wanakaa hapo pametulia.

Muulize yeyote anayejua historia ya Hendri Coetzee. Alikuwa Mwafrika Kusini aliyeishi Jinja, Uganda. Mwaka wa 2004 aliongoza safari ya kuufuata mto Naili kutoka Ziwa Victoria hadi bahari ya Mediterania. Huyo si mtu wa kujaribu jaribu. Desemba 2010, kwenye mto Lukuga huko Kongo, alikuwa na Wamarekani wawili wenye uzoefu mkubwa, wakipiga kasia karibu karibu. Mamba alitokea nyuma, akamvuta kutoka kwenye kayaki. Hakuonekana tena. Kama mto ulimfanyia hivyo mtu kama huyo, wewe na mimi tuliojifunza kuogelea juzi tunajidai na nini?

Sasa chukua Tana yetu. Huko juu kuna mabwawa matano yamefuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mvua ikinyesha sana milimani, mabwawa yanajaa na kumwaga. Wewe uko chini kule upande wa Garissa, mbingu safi, umepiga hema lako kwenye mchanga mzuri kando ya maji. Usiku maji yanapanda. Hakuna wingu lililokuonya. Wakazi wa huko wanajua jambo hili vizuri, na wengi walihama na watoto wao mafuriko ya 2024 yalipokuja.

Kwa hivyo tuache kabisa? Hapana, bana. Hapo ndipo naachana na wale wa "kaa nyumbani".

Safari ya siku moja inakupa msisimko na video. Safari ya siku nyingi inakupa mto wenyewe. Ukipita Tana kwa gari, unaona daraja la Garissa na maji ya rangi ya chai. Ukiufuata taratibu kuelekea Hola, Garsen hadi Kipini unakokutana na bahari, unaona mashamba ya Wapokomo ukingoni, ng'ombe wa Waorma wakishuka kunywa, na msitu wenye mbega mwekundu ambaye hapatikani kwingine duniani. Unaelewa kwa nini watu wanagombania maji. Na wakisema wanajenga bwawa lingine juu, unauliza watu wa chini watabaki na nini. Maporomoko ya Bujagali kule Uganda yalifunikwa na bwawa, lilianza kazi 2012. Waliolia kwanza ni wale waliokuwa wakiishi nayo na kuyapiga kasia.

Na hii habari ya kusema ni mchezo wa wageni, aje? Mpokomo alikuwa anavuka na mtumbwi kabla plastiki haijavumbuliwa. Vijana waliokulia kando ya Naili huko Jinja leo wanaongoza wageni kwa malipo. Sisi tuna Sagana, masaa machache tu kutoka Nairobi, na kuna watu wanaofundisha kazi hiyo. Ajira iko, ujuzi uko.

Kile sikubaliani nacho ni kuchokozana. "Ukifika laiki elfu kumi, unashuka Tana peke yako." Maze, hapana. Hapa kwetu ukizama, wanaoingia majini kukutafuta mara nyingi ni wavuvi na vijana wa kijiji. Hawana jaketi la kuokolea, hawana bima, na hawakuulizwa. Hatari unayosema ni yako, umewagawia na wao bila idhini yao. Mtu mzima ana haki ya kuhatarisha maisha yake. Hana haki ya kuhatarisha ya baba wa watu kwa sababu ya video ya sekunde thelathini.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Nitashuka mto siku nyingi, lakini kwanza nijifunze kujigeuza kayaki ikipinduka, nilale usiku mmoja mtoni kabla ya kumi, niende na watu wasiopungua watatu, na mmoja awe anayezijua hizo kona tangu utotoni, alipwe kama mtaalamu. Simu ya setilaiti iwepo, maana mtandao huko hupotea. Viongozi wa vijiji tunavyopitia wajue siku tunayotarajiwa. Na tukiambiwa mabwawa yanamwaga, tunarudi nyumbani bila kurekodi chochote.

Ukiona hiyo ni uwoga, sawa, niite mwoga. Lakini usimtumie mdogo wako komenti ya kumchokoza aingie majini. Ukishamtumia, na wewe umo kwenye hiyo safari.